Vile tulifika kuwa na karatasi kwa kila foraji mu kartie yetu

Kwetu huku Annexe, komini moja ya Lubumbashi, Kongo, bomba la REGIDESO (kampuni ya maji ya Serikali) halifikaki mu kila avenyu, njo maana mtu akipata tu franga kidogo anachimba. Asiye na nyingi anachimba kisima cha mukono, mwenye nazo anaita mashini ya foraji, yaani kisima kirefu chembamba cha mashini. Mi niko fundi wa foraji, nilianza kama kijana wa kubeba matiyo (mabomba) nyuma ya mashini, na nataka kueleza hapa vile tulifaulu kila foraji mpya ya kartie (mtaa wetu) ibaki na karatasi yake, juu watu wengi wananiuliza na kueleza mu njia, kila mtu anakimbilia bisi, haitoshi.

Karatasi ninayosema ni fishi moja, kurasa moja, basi. Inaandikwa kina cha foraji, udongo na mawe yaliyotoka kila mita, maji tuliyakuta wapi, nivo yaani maji yako mita ngapi toka juu kama pompi imelala, debi yaani maji yanayotoka kwa saa, krepini (ile tiyo yenye matundu) inaanza mita ngapi inaisha ngapi, simenti imeshuka mpaka wapi, pompi inaning'inia kwa mita ngapi, na latrini ya karibu iko mbali namna gani, ya mwenye parsele (kiwanja) NA ya jirani. Mwenye parsele anabaki na moja, fundi moja, ya tatu inaenda kwa shefu wa kartie anaiweka mu kaye (daftari) yake.

Mtu atasema hiyo ni kitu kidogo. Sikia sasa. Mama mmoja jirani yetu, mwezi wa 10, foraji yake ilianza kutoa hewa na matope, wakamwambia imekauka, achimbe ingine, na watu wakampa bei kabisa, pesa ya kusomesha watoto miaka. Fundi aliyemchimbia hapatikani, namba haiite. Hakuna hata mtu mmoja aliyejua foraji ina kina gani. Tukatoa matiyo yote, moja kwa moja, tukashusha kamba yenye uzito, na tukakuta chini ya pompi kulibaki maji mengi tu! Pompi ilitundikwa juu juu sana, nivo iliposhuka na kiangazi ikaachwa hewani. Tukaongeza matiyo, tukaishusha, maji yakatoka. Mama yule alikuwa karibu kulipa foraji nzima juu ya namba moja ambayo ilitakiwa kuandikwa siku ya kwanza.

Na hii ya nivo kushuka haiko uchawi. Huku mvua inanyesha toka karibu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, kama milimita 1200 kwa mwaka, alafu inakatika kabisa, miezi inapita bila tone. Maji ya chini yanajazwa na ile mvua tu, kwa hiyo yanaendelea kushuka kiangazi chote, na hata mvua ya kwanza ikianguka yanachelewa kupanda tena. Fundi anayepima nivo mwezi wa 3 na kutundika pompi pale chini kidogo anamwachia mwenye parsele shida ya mwezi wa 10, na yeye ameshalipwa, ameshaenda.

Mi nilijua kuchimba zamani, lakini kupima nilijifunza mu formasyo, na nawashukuru wale wajiolojia waliokubali kufundisha watu wa mashini bila kutudharau, wengine tulikuwa hatujamaliza hata sekondari. Walitufundisha kwamba maji yanapita mu udongo kwa kanuni, na kwamba mtu wa kwanza kuipima ni injenia wa Ufaransa, Henry Darcy, 1856, alikuwa anapitisha maji mu mchanga anahesabu. Walitufundisha jaribio la pompi: unapompa bila kusimama, unapima nivo kila dakika mwanzoni, kisha kila dakika 5, kila 10, unaweka alama kwenye ile karatasi ya grafiki ambayo mistari yake upande mmoja inabanana, na kama kila kitu kiko sawa alama zinajipanga mstari. Hiyo njia ni ya wataalamu wa maji ya chini, Cooper na Jacob, ya 1946. Ile siku alama zangu zilijipanga mstari mbele ya macho yangu nilifurahi sana, juu nilielewa kwamba jiwe lililo chini, ambalo hakuna mtu atakaa alione, unaweza kuliuliza na likajibu.

Walituambia pia juu ya Kipushi, hapa karibu tu, kilomita kama 30. Mgodi ulisimama kuchimba 1993 lakini pompi zilibaki zinafanya kazi ya kutoa maji, mpaka 2011 pompi zikashindwa na maji yakapanda ndani ya mgodi. Nilikaa nikaifikiria hiyo sana. Maji ya chini hayajui fensi ya parsele wala mpaka wa kampuni, ukivuta huku kule panasikia, ukiacha kuvuta kule panasikia tena.

Sasa namna ya kuwaingiza mafundi wengine. Sikuanza na sheria. Nilianza na wenye parsele, nyumba kwa nyumba, nikawaambia kitu kimoja: ukipatana bei na fundi, sehemu ya mwisho ya pesa usitoe mpaka akupe fishi, na mupatane hivyo KABLA mashini haijaingia, sio baada. Njo ufunguo wote. Mafundi walipoona wateja watatu wanne wanauliza kitu kilekile, wakaanza kunitafuta wenyewe wapate kurasa tupu.

Kulikuwa muzee mmoja wa mashini, ninamuheshimu toka zamani, yeye njo alikuwa mgumu kuliko wote. Aliniita pembeni akasema, "We mutoto, hii karatasi yako itanilipa mimi nini?" Nikamjibu, "Muzee, siku mwenye parsele atakuja kulalamika ya kwamba foraji yako haina nguvu, utamuonesha nini?" Akanyamaza. Nikamwambia tupime pale pale, foraji yake ilikuwa inasafishwa. Tukachukua bido ya litre 20, pompi ikatoa, kijana akashika saa ya telefone: sekunde 24. Nikapiga hesabu mbele yake, ni mita kyubu 3 kwa saa. Nivo ilikuwa imeshuka mita 6 na ikatulia, kumaanisha kila mita moja ya kushuka inatoa nusu mita kyubu kwa saa. Nikamwambia andika hiyo, tarehe, saini yako, saini ya mwenye parsele. Miaka miwili ikipita akikuita tena, unapima vilevile, kama namba imebaki ileile basi shida iko mu pompi ao mu matiyo, haiko mu kazi yako. Muzee akaniangalia akasema, "Kumbe hii inanilinda." Leo vijana wake njo wanaojaza vizuri kuliko wote, na akiona kijana ameruka mstari anamrudisha.

Vijana, hawa njo roho ya hii kazi. Jumamosi mchana, kama hakuna mashini inayozunguka, tunakaa nao. Nawafundisha kutandika mfuko mweupe chini, kila mita moja ikitoka wanaweka kilima kidogo cha mawe na udongo, kwa mpango, wa kwanza kushoto. Unaona kwa macho: udongo mwekundu wa juu, halafu ule wa njano unaonata kwenye vidole, halafu vipande vya mawe ya kijivu. Wanatwanga kipande mpaka unga, wanadondosha asidi kidogo. Ikitoa povu nyingi bila hata kutwanga ni jiwe la chokaa, ikitoa povu kidogo na kwenye unga tu ni dolomiti. Huku Katanga hiyo ni jambo kubwa, juu mawe ya chokaa na dolomiti, kama yale wajiolojia wanaita Kakontwe, yana nyufa na mashimo ambamo maji yanakimbia. Foraji inaweza kutoa maji mengi ajabu, lakini uchafu nao unakimbia vilevile, haukamatwi na mchanga njiani. Ile kanuni ya Sphere (kitabu cha mashirika ya misaada), latrini mita 30 toka chanzo cha maji na chini yake ibaki mita 1.5 juu ya nivo ya maji, ni nzuri, lakini mu jiwe lenye nyufa mita 30 zinaweza kuwa si kitu. Na parsele zetu zilivyo ndogo, hata hizo 30 mara nyingi hazipatikani. Hapo tunachoweza ni kushusha simenti chini zaidi kuzunguka tiyo, kuziba vizuri juu, kuweka krepini mbali chini, na kuwaambia watu wazi wapime maji mu labo. Shirika la Afya Duniani linataka mu mililita 100 isipatikane hata bakteria moja ya E. coli (ile ya mavi), na nitrati isipite miligramu 50 kwa litre. Maji kuonekana meupe mu gilasi hayasemi kitu chochote juu ya hayo, na hapa ninasisitiza juu kuna watoto wanaumwa tumbo kila mara na watu wanasingizia maembe.

Sheria ilikuja baadaye na ilikuja vizuri, juu watu walikuwa tayari na karatasi mukononi. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji inahesabu maji, hata ya chini ya udongo, kuwa mali ya Serikali, parsele ni yako lakini maji yaliyo chini si yako peke yako. Na Katiba, kifungu cha 48, inasema raia ana haki ya kupata maji ya kunywa. Watu wengi wanaogopa biro, wanawaza ni kulipishwa tu, na siwezi kuwacheka. Lakini mtu akienda na fishi iliyojaa, yenye kina, nivo, debi na mahali, mazungumzo yanakuwa mengine, kuna kitu cha kuangalia juu ya meza. Serikali haiwezi kusimamia maji ambayo hakuna aliyeyapima.

Na sisi wenyewe tumeanza kuyasimamia kidogo. Mu avenyu moja kuna foraji mbili za kuuza maji, zinaangaliana, na wenyewe walikuwa wamegombana, kila mmoja anasema mwenzake anamwibia. Tukaomba wa kwanza azime pompi, tukaweka sonda mu foraji yake, ile inayolia ikigusa maji, kisha wa pili akawasha ya kwake. Tukakaa hapo wote, sonda inashuka, nivo ya yule aliyezima inashuka pia, zaidi ya mita moja, kila mtu anaona. Hakuna mwizi, ni maji mamoja. Sasa wanapokezana, mmoja anajaza tanki asubuhi mapema, mwingine mchana kuran (umeme) ikirudi, na mwisho wa kila mwezi kijana anapima nivo zote mbili anaandika mu kaye ya shefu. Kiangazi ile iliyofuata hakuna pompi hata moja iliyovuta hewa hapo.

Kilichobaki na kinanisumbua ni foraji zilizoachwa. Zile za zamani zilizokufa, zimefunikwa na bati ao jiwe tu, maji ya mvua yanaingia na takataka zote moja kwa moja mpaka kwenye maji tunayokunywa. Tiyo imekatwa kwenye udongo, watoto wanatupa mawe ndani wasikie inalia. Kuziba si ngumu: changarawe safi kule chini kwenye krepini, juu yake udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, na mita za mwisho simenti, halafu unaandika fishi ya kuziba, na yenyewe inaenda mu kaye. Tumeshaorodhesha zile za kartie na shefu, tutaanza na moja iliyo nyuma ya soko kabla ya mvua, mwenye parsele amekubali kutoa simenti na vijana watatoa mikono.