Nilivyokadiria bei ya MacBook Pro ya M5 kabla haijawafikia wauzaji

Tarehe 15 Oktoba 2025 Apple walitangaza MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M5, bei ya kuanzia dola 1,599. Siku hiyo hiyo watu walishaichukua namba hiyo, wakaizidisha kwa kiwango cha dola, wakatangaza "bei ya kwetu". Mimi nahariri video, nilikuwa nimetenga fedha za kubadilisha mashine ya kazi, na nilitaka namba ya kupangia bajeti. Namba ya kuzidisha haraka haraka haikunitosha, kwa sababu dola 1,599 ilikuwa bei isiyo na kodi. Marekani kodi ya mauzo hutofautiana jimbo kwa jimbo na huongezwa wakati wa kulipa, kwa hiyo haionekani kwenye tangazo. Kwingineko kodi huwa imeshaingizwa ndani ya bei. Ukizilinganisha bila kulijua hilo, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Nikaanza na nchi ambazo Apple huuza wenyewe. Nilichukua bei zao nikazivua kodi zote, ili zibaki bei za mashine tupu. Ujerumani ilikuwa euro 1,799, ndani yake mna VAT ya asilimia 19. Hapa wengi huondoa asilimia 19 ya bei nzima, na hesabu hiyo haitoki sawa. Kodi iliyokwisha kuingizwa huvuliwa kwa kugawanya, yaani 1,799 gawanya kwa 1.19. Zinabaki euro 1,512 hivi, ambazo kwa kiwango cha wiki ile zilikuwa kama dola 1,755. Uingereza pauni 1,599 zenye VAT ya asilimia 20 zikashuka hadi pauni 1,332 na senti, kama dola 1,780. India rupia 169,900 zikiondolewa GST (kodi yao ya bidhaa na huduma) ya asilimia 18 zilibaki karibu 144,000, dola 1,635 hivi. Japani ndiyo iliyonishangaza. Yeni 248,800 zikivuliwa kodi ya asilimia 10 zinabaki 226,000 na ushei, ambazo hata dola 1,500 hazikufika vizuri.

Mashine ni ile ile, lakini kati ya Japani na Uingereza kuna pengo la dola 280 hivi kabla serikali yoyote haijachukua chake. Ndipo nilipoacha kabisa kufikiria kwamba kuna "bei halisi" moja. Apple hupanga bei ya kila soko, huiacha isimame miezi mingi, na sarafu ikiyumba katikati hawaigusi kila wiki. Yeni dhaifu ikawafanya Wajapani wanunue nafuu kuliko Wamarekani. Ulaya bei hukaa juu kidogo, na huko sheria inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro za bidhaa kwa miaka 2, gharama ambayo lazima ijifiche mahali fulani.

Sasa, kama unaishi mahali ambapo mashine hizi huingia kupitia waagizaji, usiipigie hesabu bei ya Japani. Mwagizaji naye ana bima, usafiri, fedha iliyolala kwenye mzigo, na faida yake. Nikaamua hivi: bei ya Marekani iwe sakafu, na bei ya Marekani ukiongeza asilimia 10, ambayo ndiyo takriban bei ya Ulaya bila kodi, iwe dari. Chini ya sakafu ningejiuliza mzigo umetokea wapi. Juu ya dari ningejua nalipia haraka yangu.

Kwenye forodha nilitarajia makubwa, kumbe ni sehemu rahisi kuliko zote. Kompyuta za kubebeka zina namba yao ya ushuru, 8471.30, inayotumika duniani kote kwa mashine zisizozidi kilo 10. Tangu Mkataba wa Teknolojia ya Habari wa mwaka 1996 chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizojiunga nao ziliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa hizi, na hata baadhi ya zisizokuwemo hutoza sifuri. Kinachobaki ni VAT, na mara nyingine ada ndogo ndogo za kuingiza mzigo. Jambo la kukumbuka ni kwamba VAT ya mzigo unaoingia hupigwa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafiri. Haipigwi juu ya bei ya dukani Marekani peke yake.

Kwa mfano, chukua VAT ya asilimia 18, kisha wewe weka ya kwako. Toleo la chini, lililokuwa dola 1,599, lilifika dola 1,887 kwenye sakafu na kama 2,076 kwenye dari. Tofauti hiyo na 1,599 ndiyo inayowafanya watu wamuite muuzaji mwizi, wakati sehemu kubwa yake ni kodi tu.

Lakini je, toleo la chini ndilo nililolihitaji? Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Toleo la chini wakati ule lilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16 na hifadhi ya GB 512. RAM ya mashine hizi imefungwa pamoja na chipu yenyewe, hakuna fundi atakayekuongezea kesho, kwa hiyo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Kwa kazi zangu GB 16 zingebana. Apple walitoza dola 200 kupanda hadi GB 24, na dola 200 nyingine kupanda hadi hifadhi ya TB 1. Kwenye tovuti yao uliweza kuchanganya upendavyo: GB 24 na GB 512 kwa dola 1,799. Mchanganyiko huo ndio niliokuwa nautaka, kwa sababu video zangu zinakaa kwenye diski ya nje hata hivyo.

Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo ulitengenezwa kwa oda. Matoleo yaliyokuwa tayari kwenye masanduku yalikuwa matatu: GB 16 na GB 512, GB 16 na TB 1, na GB 24 na TB 1. Waagizaji hununua ya masanduku. Nilimpigia muuzaji mmoja kumuuliza kuhusu ile ya 1,799, akanijibu, "Bosi, hiyo ni ya kuandika na kusubiri, na ukibadilisha mawazo katikati hatukurudishii." Kwa hiyo kwangu mimi, mlango wa kuingilia GB 24 ulikuwa dola 1,999. Kama unakadiria bei ya kwenu, hili litazame mapema kuliko viwango vya fedha, maana dola 200 za hifadhi usiyoihitaji ni nyingi kuliko mabadiliko ya sarafu ya miezi kadhaa.

Kwenye dola 1,999 kukawa na njia panda. Kwa bei hiyo hiyo Apple waliendelea kuuza MacBook Pro ya inchi 14 yenye M4 Pro, chipu ya mwaka uliotangulia lakini ya daraja la juu: RAM GB 24, hifadhi GB 512. M4 Pro inapitisha data kati ya chipu na kumbukumbu kwa GB 273 kwa sekunde, wakati M5 ni GB 153. Ina Thunderbolt 5 (tundu la kasi la kuunganishia vifaa vya nje), M5 ina Thunderbolt 4. Kwa upande mwingine M5 ina viini (sehemu za chipu zinazofanya hesabu) vyenye kasi zaidi kimoja kimoja, hifadhi ambayo Apple wanasema inasoma na kuandika hadi mara mbili ya mashine ya M4 iliyotangulia, na kila kiini cha michoro kina kitengo chake cha kuharakisha kazi za akili mnemba.

Anayefanya kazi nzito za 3D au anayepanga safu nyingi za video ya 8K, mimi ningemwambia achukue M4 Pro bila kugeuka nyuma. Kazi zangu ni za 4K, vipande vifupi, na muda mwingi naupoteza nikisubiri programu ifungue mradi na kunakili mafaili. Kiini kimoja chenye kasi na hifadhi yenye kasi vinanisaidia kuliko upana wa barabara ya kumbukumbu. Nikachagua M5. Kuna mtu alinicheka kwamba nimelipa bei ya "Pro" nikapata isiyo "Pro". Majina ya chipu yamepangwa ili yakuumize kichwa hivyo hivyo.

Sifa nyingine nilizipitia haraka. Skrini ya inchi 14.2 inayobadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde, mwanga hadi niti 1,600 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini) kwenye picha za HDR, zile zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, tundu la HDMI, tundu la kadi ya SD ambalo mimi natumia kila siku, uzito wa kilo 1.55. Karibu vyote hivi vilikuwemo kwenye mashine ya M4. Wi-Fi ikabaki 6E, bila kupanda hadi toleo jipya la 7, jambo ambalo wakaguzi walilalamikia sana na ambalo mimi silihisi kabisa. Apple wanatangaza hadi saa 24 za kutazama video kwa chaji moja. Kwenye kuhariri haifiki huko, na sikutegemea ifike. Betri yenyewe ni Wh (wati-saa) 72.4, na hilo lina maana kwa wanaomtuma ndugu aje nayo kwenye ndege, kwa kuwa kikomo cha kawaida cha kubeba bila ruhusa maalumu ni Wh 100.

Kilichohitaji macho zaidi kuliko sifa zote hizo ni sanduku. Mashine za M5 zilizouzwa Umoja wa Ulaya na Uingereza hazikuwa na chaja ndani. Ndani mna waya wa kuchajia wa MagSafe, chaja ununue mwenyewe. Zilizouzwa Marekani zina chaja ya wati 70, ambayo peke yake Apple waliiuza dola 59. Kwa hiyo muuzaji mmoja akikutajia bei ya chini kidogo kuliko mwenzake, usikimbilie. Geuza sanduku usome kibandiko. Karibu na namba ya msimbo wa bidhaa kuna herufi za mwisho: LL/A ni mzigo wa Marekani, B/A ni Uingereza, D/A ni Ujerumani, J/A ni Japani. Herufi hizo mbili tatu zinakuambia mambo mengi kabla hujafungua chochote. Zinakuambia kama chaja imo. Zinakuambia kibodi: ya Ujerumani imebadilishana Y na Z, ya Uingereza ina kitufe cha kurudi mstari kirefu kwenda chini, ya Japani ina vitufe vya ziada kando ya kitufe cha nafasi. Na zinakuambia plagi.

Muuzaji wa kwanza kunipa bei ya GB 24 na TB 1 alikuwa na mzigo wa D/A. Bei yake ilipita dari yangu, chaja haimo, na kibodi ni ya Kijerumani. Nikamuuliza chaja itakuwaje, akasema atanipa "ya wati nzuri". Chaja isiyo na jina kwenye mashine ya bei hiyo siitaki, nikamshukuru nikaondoka.

Kwa VAT ile ya mfano, toleo nililolitaka lilikuwa na sakafu ya dola 2,359 na dari ya dola 2,595. Bei za mwanzo zote zilikuwa juu ya hapo. Huo ndio utaratibu wa kila mashine mpya: mzigo mdogo, wenye haraka wengi, na muuzaji hana sababu ya kupunguza. Mimi mashine ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi, kwa hiyo nikaacha namba yangu kwa wauzaji watatu niliowaamini nikawaambia waziwazi bei ambayo nikiisikia nitakuja siku hiyo hiyo. Sikuwaambia dari, niliwaambia kitu cha katikati. Muuzaji akishajua una hesabu, mazungumzo huwa mafupi. Hakupotezei muda kwa hadithi za dola kupanda.

Aliyenipigia alikuwa na LL/A, sanduku halijafunguliwa, na bei iliyoingia chini ya dari kwa kiasi kidogo tu. Nilimwomba mambo mawili: risiti yenye namba ya mashine iliyoandikwa kamili, na tuiwashe pale pale niikague kwenye menyu ya "About This Mac" (Kuhusu Mac Hii) kwamba RAM ni GB 24 kweli. Namba ya mashine kwenye skrini, kwenye sanduku na kwenye risiti zilifanana. Nikaiingiza kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua waranti, ikaonyesha kwamba mwaka wake mmoja ulikuwa bado mzima.

Akanisukumia na mfuko wa kubebea, wa bure. Fedha nilizokuwa nimezitenga zaidi, kwa kuwa bajeti yangu ilikuwa imefika darini, nikazipeleka kwenye diski ya nje ya TB 2.