Kifurushi cha kaka

Jana usiku hapa Mikindani tumemfungia kaka kifurushi. Yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wanajeshi wetu wanaolinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Hela haikuwa nyingi. Korosho tulizobangua wenyewe, kikapu kidogo cha ukili alichosuka bibi, kifuko cha vipande vya khanga chenye sindano na vifungo.

Halafu ile kofia. Aliianza kuishona kwa mkono kabla hajaondoka, vitobo vimefika nusu. Mama aliikunjua, akaikunja, akaikunjua tena. Nimemwekea uzi mweupe wa kutosha kuimalizia. Wanangu wamechora ngalawa baharini, samaki wamemwachia mjomba achore mwenyewe.

Achari nimeitoa, ingevuja.

Kaka, kofia ikiisha tutumie picha umeivaa. Mama anaisubiri.