Nilivyojifunza kupiga "Sylvia" ya Focus

Usiku wa tarehe 26 Aprili mji wa Utrecht, huku Uholanzi, haulali. Kesho yake ni Sikukuu ya Mfalme, na watu wanatandika vitu vyao vya zamani kando ya barabara na mifereji: vikombe, midoli, viatu vya watoto. Mimi nilitoka kutafuta sufuria. Nikarudi na santuri mbili ndani ya jalada moja, albamu Focus 3 ya mwaka 1972, ya bendi ya roki ya Uholanzi iitwayo Focus, kwa euro 4. Mama aliyeniuzia aliipangusa kwanza kwa mkono wa sweta lake, akaniambia aliinunua akiwa na miaka 16.

Jina la Focus nilikuwa silijui, lakini sauti yao nilishaisikia. Waliofuatilia Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini watalikumbuka lile tangazo refu la Nike lenye Drogba, Rooney na Ronaldo, gitaa linakimbia na mtu anarusha sauti kooni kama wachungaji wa milima ya Alpi. Ule ni "Hocus Pocus", wimbo wa mwaka 1971. Mwenye sauti ni Thijs van Leer, mpiga kinanda na filimbi. Gitaa ni la Jan Akkerman. Wote wawili ni watoto wa Amsterdam.

Ila kilichonishika usiku ule ni wimbo wa tatu wa upande wa kwanza, "Sylvia". Hauna shairi. Gitaa la Akkerman linashika sauti moja, linaivuta, linaiachia taratibu, halafu linapanda. Nikasema huu lazima niupige.

Gitaa nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa akipiga solo katika bendi ya dansi Morogoro. Kushika noti hakunisumbui. Baada ya wiki mbili nilikuwa nazo zote, kila moja mahali pake, na bado wimbo ulikuwa umekufa. Nilibadilisha nyuzi. Nikaazima kikuza sauti kikubwa zaidi. Hakuna kitu. Mwisho nikajirekodi kwa simu, nikamtumia mjomba, na nyuma yake nikautuma wimbo wenyewe.

Alinipigia jioni ile ile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekusikiliza. Huyo Mzungu hapigi gitaa, anaimba. Wewe umekariri. Hebu niambie, unapumua wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Weka maneno," akaniambia. "Yoyote. Uimbe mpaka ujue pumzi inakatika wapi, ndipo ushike gitaa."

Nikaweka maneno yangu ya Kiswahili, mepesi tu: nimerudi mama, nifungulie, baridi ya huku imenichosha. Wiki nzima sikugusa gitaa. Nilikuwa nayaimba juu ya baiskeli nikienda kazini, na nikagundua kwamba pale nilipokuwa nafululiza ndipo mwimbaji angeishiwa pumzi.

Ndipo nikaanza kusoma habari za bendi hii, na niliyoyakuta yalinisimamisha nywele. Van Leer alitunga wimbo huu mwaka 1968, enzi akiwa katika kundi la jukwaani la mwimbaji wa Kiholanzi Ramses Shaffy, na aliutunga kwa ajili ya mwimbaji Sylvia Alberts. Ulikuwa na maneno. Mwenyewe Sylvia hakuupenda, ukakaa kabatini miaka 4, mpaka gitaa likapewa kazi ya mwimbaji. Mjomba alilisikia hilo akiwa Morogoro, kwenye simu.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo njia nzima ambayo Focus walipita. Walianza mwaka 1969 na kufanya kazi ya kupiga muziki wa Hair, mchezo wa jukwaani wa nyimbo, ulipoonyeshwa Uholanzi. Katika albamu ya kwanza, ya 1970, bado wanaimba kwa Kiingereza, na uimbaji wenyewe ni wa kawaida. Kinachobaki masikioni ni filimbi ya "House of the King". Mwaka 1971 wanabadilisha mpiga besi na mpiga dramu, Pierre van der Linden anaingia, na katika albamu ya pili, Moving Waves, vyombo ndivyo vinavyosema. Upande mmoja unafunguliwa na "Hocus Pocus". Upande wa pili wote ni "Eruption", zaidi ya dakika 20, kisa cha Orpheus, mwanamuziki wa hadithi za kale za Kiyunani aliyemfuata mkewe kuzimu, kinachosimuliwa na kinanda cha Hammond na gitaa. Mwanzoni mwa 1973 "Sylvia" ilifika nafasi ya 4 Uingereza, na mwaka huo huo "Hocus Pocus" ikafika ya 9 Marekani.

Albamu ya Hamburger Concerto ya 1974 ndiyo naipenda kupita zote. Mother Focus ya 1975 inaniuma. Nyimbo fupi, laini, na Akkerman unamsikia kama mgeni aliyeshavaa koti. Mwaka 1976 akaondoka kweli, na 1978 bendi ikavunjika. Van Leer aliifufua mwaka 2002, van der Linden naye akarudi baadaye, lakini yule wa kujibizana na filimbi hakuwepo tena.

Nilipolishika gitaa tena, nilipiga polepole kuliko santuri. Kila pumzi nikaiacha iwe kimya. Kuna mbinu moja ya Akkerman iliyonichukua mwezi: kidole kidogo cha mkono wa kulia kinakaa kwenye kitufe cha sauti, unaligonga gitaa likiwa bubu, kisha unakifungua, na noti inatoka bila mgongano, kama mtu anayeanza kuimba "aah" mdomo ukiwa umefumba. Kidole kiliuma mpaka nikashindwa kushika kalamu. Siku kilipokubali, nilikaa kitandani nikairudia noti ile moja karibu saa nzima.

Nikarekodi. Nikatuma. Siku mbili mjomba hakujibu, na nilikuwa natazama simu kila dakika. Siku ya tatu ikaja sauti ya dakika tatu na nusu, bila salamu. Ni wimbo wangu, na chini yake yeye ameweka rithimu kwa gitaa lake kuukuu, kuku wanasikika uani, na katikati, pale ninapovuta pumzi kabla ya kupanda, na yeye amenyamaza.