Breki ya Kukanyaga Mara Moja

Baba Mdogo alikuwa na namna yake ya kukanyaga breki. Mguu ulishuka ukakuta pedali tupu, ukapanda, ukashuka tena, na mara ya tatu ndipo gari lilipoanza kusikia. Alifanya hivyo upesi sana, hata mtu asiyejua magari angedhani ndio mtindo wa madereva wa zamani. Nami nilikua nikidhani hivyo. Siku niliyopewa usukani kwa mara ya kwanza, nikiwa kidato cha tatu, kule Katubuka, mjini Kigoma, kwenye tambarare, somo la kwanza halikuwa klachi wala gia.

"Breki ya Land Rover haikanyagwi, mwanangu. Inabembelezwa."

Gari lilikuwa la baba. Land Rover fupi, Series IIA, ile ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya lita 2.25. Alipanda nalo Manyovu kufuata maharage, akashuka nalo Kibirizi kufuata dagaa, na Jumapili alitupakia sote nyuma kwenye mabenchi twende Ujiji kwa shangazi. Alipofariki mwaka 2009 likaegeshwa chini ya mwembe nyumbani Mwanga. Majani yakaoza kwenye boneti, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mwezi Juni 2014 nilichukua likizo ndefu kazini nikarudi nyumbani na nia moja tu, kulifufua.

Mengi tulikubaliana na Baba Mdogo bila maneno. Chesesi ichomelewe palipoliwa na kutu, injini ifunguliwe, rangi iwe kijani ileile. Tulipofika kwenye breki tukagongana. Yeye alitaka zirudishwe kama zilivyokuwa. Mimi nilitaka ziondoke.

Sikuwa nazichukia bure. Nikiwa darasa la nne, baba alikuwa anashuka kutoka Manyovu na magunia kumi na mawili ya maharage, Baba Mdogo kando yake, bomba la breki likapasuka. Land Rover za wakati ule zilikuwa na njia moja tu ya oili: masta silinda moja, ile pampu inayosukumwa na pedali, inasukuma oili kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo tundu likitokea popote, kote kunakuwa hakuna. Baba alirudisha gia hadi ya pili huku injini ikilia, akavuta handibreki. Handibreki ya gari lile haishiki magurudumu, inashika dramu ndogo, kama sufuria ya chuma inayozunguka, nyuma ya gia boksi, inazuia shafti. Ni ya kuegeshea, si ya kusimamisha gari lenye mzigo mteremkoni. Mwisho akaliegemeza kwenye ukuta wa udongo uliochongwa kando ya barabara, likaparuza ubavu mzima hadi likasimama. Wote walirudi nyumbani salama, na maharage yakauzwa. Lakini usiku ule nilimwona baba ameketi uani, viganja juu ya magoti, hasemi na mtu. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, wala baadaye.

"Gari la kaka yangu libaki kama alivyoliacha," Baba Mdogo alisema.

"Baba Mdogo, aliliacha hivi kwa sababu hakuwa na spea. Si kwamba alizipenda breki hizi."

Alininyamazia siku mbili. Kwa mzee aliyenifundisha kuendesha gari, siku mbili ni adhabu.

Kilichomlainisha ni kwamba sikutaka kuweka breki za diski. Rafiki zangu wa Dar walinishauri hivyo, na kweli diski inapoa haraka, haichoki mteremkoni upesi kama dramu. Lakini kwenye ekseli ile ya zamani ungelazimika kubadili vitu vingi, na kila kimoja kingetoka mbali. Mimi nilitaka kitu kinachofunga kwa bolti zilezile. Land Rover ndefu, ya inchi 109, ina dramu za inchi 11 mbele badala ya inchi 10 za gari letu, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili badala ya moja.

Hiyo silinda ya pili ndiyo siri yenyewe. Kwenye breki ya dramu kuna shuu mbili, vyuma vilivyopinda ambavyo silinda huvisukuma vikabane dramu kwa ndani. Ile inayosukumwa kuelekea upande ambao dramu inazunguka, dramu yenyewe huiburuta na kuikaza zaidi, na nyingine husukumwa kinyume, ikafanya kazi nusunusu. Ukiweka silinda mbili, kila shuu inakuwa na msukumo wake, zote mbili zinaburutwa kwenda kukaza. Ubaya wake ni kwamba gari likirudi nyuma mambo yanageuka, breki za mbele zinapungua nguvu. Kigoma ni mji wa vilima, hilo nililipima. Nikaona bora nipungukiwe nikirudi nyuma kuliko nikishuka Manyovu.

"Kumbe ni ndugu zake hao," Baba Mdogo akasema nilipomwonyesha kwenye picha. "Hapo sawa. Apewe damu ya ukoo wake."

Ndugu tulimpata Kasulu, uani kwa mzee mmoja. Series III ya inchi 109, haina injini, haina paa, mbele imezibwa kwa mabati ikawa banda la mbuzi. Tulifanya kazi ya kutwa nzima mimi na fundi wangu kuvua dramu mbili. Ukingo wa ndani ulikuwa na ngazi ya kutu inayong'ang'ania shuu, ukapigwa nyundo, ukamwagiwa oili, ukapigwa tena. Tukatoa na mabamba yanayoshika shuu. Kisha juu, kwenye ukuta wa injini, tukafungua kitu nilichokitamani kuliko vyote: kiti cha pedali ya breki pamoja na busta yake. Busta hutumia ombwe, ule mvuto wa hewa kwenye manifodi ya injini ya petroli, kuusaidia mguu. Niliipima palepale. Nikanyonya tundu lake kwa mdomo, nikaliziba kwa ulimi, nikahesabu. Ulimi ulibaki umevutwa hadi nikauchomoa mwenyewe. Mpira wa ndani ulikuwa mzima baada ya miaka yote ile ya kukaa na mbuzi. Nilifurahi hadi fundi akaniuliza kama ni mzima.

Dramu tulizipeleka kwa mkereza vyuma, akatoa wembamba wa kutosha kuzifanya laini, hakuzila. Vilivyobaki viliagizwa Gerezani, kule Dar: masta silinda mpya ya njia mbili, silinda nne za magurudumu ya mbele na mbili za nyuma, shuu, mipira ya breki. Vikasafiri kwa treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na miaka mia baadaye bado ndiyo iliyotuletea sanduku letu. Stesheni tulilipokea limepasuka kona moja, limeingia vumbi.

Lile vumbi ndilo lilituponza.

Gereji kulikuwa na kijana mwanafunzi, mwenye bidii, anayefika kabla ya fundi na kufagia bila kuambiwa. Akaona masta silinda mpya ina vumbi mdomoni. Akaifungua, akatoa raba zake zote, akazilaza usiku kucha kwenye kopo la petroli ziwe safi. Asubuhi akazifuta, akazipanga kwenye kitambaa. Mimi ndiye niliyezirudisha. Nilihisi zinaingia kwa kukaza, nikasema moyoni, ndio upya huo.

Tukavuta mabomba upya, kila moja tukalikunja kwa mkono juu ya chupa ili lisivunjike kona. Njia ya mbele ikawa peke yake na ya nyuma peke yake. Tukakaza vikaza vya shuu zote hadi magurudumu yakagoma kuzunguka, maana shuu ikiwa mbali na dramu, pedali inamaliza safari yake ikisukuma silinda tu. Kisha tukaanza kutoa upepo, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, la nyuma kushoto. Mpira mwembamba ndani ya chupa yenye oili, kijana kwenye pedali.

"Kanyaga! Shikilia!"

Nafungua, mapovu yanatoka.

"Achia!"

Gurudumu la mwisho lilipoacha kutoa povu, tukalegeza vikaza kidogo hadi magurudumu yakazunguka huru, nikapanda mwenyewe. Nikakanyaga mara tano injini imezimwa ili mvuto uliobaki kwenye busta uishe, nikashikilia, nikawasha. Pedali ikazama kidogo chini ya mguu wangu, kama mtu anayeitikia salamu. Hivyo ndivyo unavyojua busta inafanya kazi. Nilikaa pale na injini ikinguruma, sitaki kushuka.

Kesho yake tulikwenda kujaribu kule Katubuka nilikofunzwa. Mara ya kwanza nilipokanyaga gari lilisimama palepale. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne nikaona linakuwa zito, kama ninavuta mtumbwi mchangani. Nimeinua mguu, breki hazijaachia. Moshi ukaanza mbele kushoto, na ile harufu ya bitana za shuu zinazoungua ambayo ukishainusa huisahau.

Fundi hakusema kitu. Alichukua spana, akalala chini ya gurudumu, akafungua kinati cha kutolea upepo. Oili ikaruka kwa nguvu, na gurudumu likaachia saa ileile. Basi si shuu wala dramu. Msukumo ulikuwa umenaswa ndani. Kwenye masta silinda kuna kitundu kidogo ambacho oili hupitia kurudi kwenye chungu chake ukiinua mguu. Raba ikivimba inakiziba, oili inakosa njia, joto linaipanua, na breki zinajikaza zenyewe. Nchi ya mlimani, hayo ndiyo mauti.

"Nani aliosha raba?" fundi akauliza.

Kijana akasema ni yeye. Akasema na kwa kitu gani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilikuwa na hasira, na leo nashukuru kwamba sikuitoa. Gereji nzima ilikuwa imemfundisha kwamba petroli inasafisha kila kitu: bolti, bearingi, mikono. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba raba ya breki ikilowa petroli au oili ya injini inavimba na kuharibika, kwamba inaoshwa kwa oili ya breki yenyewe au spiriti. Na mimi niliyejua, nilihisi raba inakaza nikapita.

Fundi akaamua kila raba iliyogusana na oili ile itupwe, si za masta peke yake. Siku tisa tukangoja nyingine, safari hii kwa basi. Baba Mdogo alipita gereji mara mbili, akasimama mlangoni. Mara ya pili akasema taratibu, "Labda kaka hataki." Sikuwa na jibu. Nilisafisha mabomba kwa spiriti, nikayapuliza, nikaziba midomo yake kwa plastiki. Hata oili mpya nilikataa kutumia kopo lililofunguliwa. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewani, na huku ziwani unyevu haukosekani. DOT 4, daraja mojawapo la oili hiyo, ikiwa mpya huchemka nyuzi 230 au zaidi, ikishakunywa maji hushuka kuelekea 155, na oili inayochemka inageuka mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Raba zilipofika nilimwita kijana azirudishe yeye. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilimpitia Baba Mdogo asubuhi.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba. Tunakwenda wapi?"

"Manyovu."

Alitazama magurudumu, akanitazama mimi, akapanda. Njia nzima ya kupanda hatukuzungumza sana. Lami ilikuwa imeshafika. Wakati wa baba ilikuwa vumbi na mawe. Juu tukanywa chai, tukanunua debe la maharage, kisha nikageuza gari.

Nilishuka kwa gia ya tatu. Breki nzuri haimwondolei mtu wajibu wa gia. Kila kona niligusa mara moja, gari likapunguza, nikaachia. Nilikuwa natazama barabara, lakini kwa pembe ya jicho niliona mguu wa kulia wa Baba Mdogo. Pale kwa abiria pasipo na pedali yoyote, ulikuwa unapanda na kushuka, mara tatu kila kona, haraka. Tulipokaribia pahali pale ukuta wa udongo ulipoparuza gari, mkono wake ukashika mlango. Niligusa. Gari likapunguza. Tukapita. Mguu wake ukaendelea kona mbili zaidi, kisha ukatulia.

Mwandiga nikaegesha, nikazunguka kupapasa dramu. Za mbele zote mbili moto sawasawa, za nyuma vuguvugu. Hakuna harufu. Baba Mdogo alipapasa naye, moja moja, zote nne.

"Nipe ufunguo," akasema.

Akaondoa gari vizuri. Mbele kidogo mbuzi akakatiza barabara, na mguu wake ukashuka kwa ile nguvu aliyoizoea, tayari kwa mara ya pili na ya tatu. Magurudumu yakajifunga palepale. Maharage yakamwagika sakafuni, paji langu likagonga kioo, injini ikazima.

Mbuzi akaenda zake. Baba Mdogo alikaa kimya, mikono juu ya usukani, akiitazama ile pedali.

"Mara moja tu?" akauliza.

"Mara moja tu, Baba Mdogo. Na taratibu."

Akawasha gari.