Bakteria ya mihazeli michanga: chunguza shina mapema

Katika bonde la Willamette, jimboni Oregon, ambako karibu hazeli zote za Marekani, kokwa za kula zinazozaliwa na mihazeli, huvunwa, tawi likikauka wengi hushuku kwanza ukungu wa Anisogramma anomala. Ukungu huo hautambuliwi kwa shida: huotesha vinundu vyeusi vilivyojipanga mstari juu ya gome. Usipoviona, na mti haujafikisha miaka minne, shuku bakteria, Xanthomonas arboricola pv. corylina.

Madoa ya majani, yenye pembe na majimaji, yasikukoseshe usingizi. Kinachoua ni kidonda cha shina. Kwangua gome kwa ncha ya kisu: badala ya kijani kibichi utakuta rangi ya kahawia iliyoiva wekundu, na kukiwa na unyevu hutoka ute unaonata. Kidonda kikishalizunguka shina, sehemu yote ya juu hufa, na majani yake hukauka yakiwa yameng'ang'ania tawini. Mti mkubwa kwa kawaida hupoteza vijitawi na matumba tu.

Bakteria hujificha kwenye vidonda na matumba, kisha matone ya mvua huipeleka penye majeraha, hata kovu dogo linaloachwa na jani lililopukutika. Ndiyo sababu dawa ya shaba, jamii ya mrututu anaoujua mkulima wa kahawa, hupigwa kabla ya mvua kubwa za kwanza, mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, na tena robo tatu ya majani yakishapukutika. Mvua zikizidi, ongeza mara ya tatu matumba yanapoanza kufunguka. Shaba hukinga tu, haiponyi kidonda kilichokwisha ingia. Anayepiga baada ya mvua asiilaumu dawa.

Pogoa siku kavu, ukate kushuka hadi sehemu safi ya tawi isiyo na doa, na matawi uyachome. Kila baada ya mkato chovya mkasi kwenye alkoholi ya asilimia 70. Jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, inafaa pia ila hutia kutu.

Mwagilia miche wakati wa kiangazi na upake mashina rangi nyeupe ya maji, kwani kiu na gome lililoungua jua hurahisisha maambukizi. Kitaluni kataa mche wowote wenye kidonda, hata ukiuziwa nusu bei. Na mti uliokufa juu ukichipua chini, machipukizi hayo usiyafanye mbegu.