Mzee wa Nakuru na kisima cha mama mkubwa

Kujitolea kwangu kulitokana na hasira. Nimekulia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu utotoni nimewaona wageni wakipitishwa vichochoroni mbio mbio kama mbuzi waliokimbizwa na mvua: mlango huu, picha; roshani ile, picha; haya, twendeni. Kwa hiyo mwenzangu kazini aliposema kuwa mamake anakuja na kundi la wastaafu wenzake kutoka Nakuru, na hawana wa kuwatembeza, nilijibu kabla hajamaliza. Nitawatembeza mimi. Bure, siku nzima, nauli za tuktuk tu wajilipie.

Nilijiandaa kupita kiasi. Saa mbili asubuhi tungeingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, milango inapofunguliwa. Kisha Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry, Bandari ya Kale, chai kwa mama mkubwa, Marikiti, leso pale Biashara Street, pilau, na alasiri feri ya Likoni kwenda na kurudi, maana mtu wa bara hajafika Mombasa mpaka avuke kwa feri. Niliandika yote kwenye karatasi na saa zake pembeni. Karatasi ile ilidumu mpaka kama saa tatu hivi.

Walikuwa wamefika jana yake kwa treni ya SGR, na asubuhi ile kina mama bado walikuwa wakibishana kuhusu ndovu waliowaona Tsavo, walikuwa wangapi, na nani aliyewaona kwanza. Wazee walikuwa wachache. Mmoja wao, mrefu, mkimya, alibeba mkoba mdogo wa turubai uliochakaa kwenye pembe. Nilidhani una dawa.

Pale langoni waelekezi wenye vibali walinitazama kwa jicho la kando. Haki yao, ile ni riziki. Niliwasalimu, nikawaeleza kwamba ni wageni wa nyumbani, tukaingia.

Nikaanza hadithi yangu. Wareno walianza kuijenga ngome hii 1593, ramani ikiwa ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakamaliza 1596. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, na jela ikabaki mpaka 1958. Kina mama waliguna hapo kwenye jela. Kisha nikafika sehemu ninayoipenda kuliko zote, mazingiwa: Waomani waliizunguka ngome mwezi Machi 1696 na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Walioangamizwa na maradhi humo ndani walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha.

Nilinyamaza kidogo ili maneno yawaingie. Ndipo yule mzee mrefu akasema neno lake la kwanza la siku.

"Na walikuwa wanakunywa maji gani?"

Nikawapeleka kwenye birika la kukusanyia maji ya mvua, kisha kwenye kisima. Wenzake walichungulia wakaondoka. Yeye alibaki ameinama, akitazama ukuta, akitazama juu kana kwamba anatafuta paa lilikuwa wapi, akitembea kutoka pembe hii hadi pembe ile huku midomo ikimchezacheza.

"Mvua yenu hapa ni miezi gani?"

"Masika ni mwezi wa nne na wa tano, Mzee. Halafu vuli, mwezi wa kumi na wa kumi na moja."

"Hao Waarabu walikuja mwezi wa tatu."

"Walikuja na kaskazi. Ndio upepo unaoleta vyombo kutoka Uarabuni."

"Na wakati wa kaskazi mvua hakuna."

"Hakuna."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi walifika birika likiwa karibu tupu."

Nimeingia Ngomeni tangu nikiwa mtoto wa shule. Najua majina ya minara, najua mizinga imeelekezwa wapi. Sikuwahi kuweka pamoja mambo hayo mawili, kwamba upepo uliosukuma majahazi ndio ule ule wa ukame. Nilimuuliza kazi aliyoifanya kabla ya kustaafu.

"Maji," akasema. "Maisha yangu yote. Mabomba na visima."

Kuanzia hapo ziara ilikuwa yake, sisi wengine tukafuata. Kwenye Ndia Kuu wenzake waliinua simu kupiga picha roshani za mbao, yeye akainama kutazama mifereji inayoshuka kutoka kwenye mapaa. Kijana mmoja alipita akisukuma mkokoteni wa mitungi ya manjano ya lita 20. Mzee akamsimamisha, akamsalimia vizuri, akamuuliza anajaza wapi, anauza wapi, na siku ambazo mabomba ya mji ni makavu bei inapanda kiasi gani. Kijana alijibu yote, kisha akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kama huyu ni mtu wa kaunti.

Mzee akanieleza mimi, mzaliwa wa Mombasa, kwamba sehemu ya maji ya mji wangu hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale tuliposimama. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama kwenye mawe ya volkeno, ikapita chini kwa chini, na kutokeza Mzima ikiwa safi kabisa. Viboko wanaogelea kwenye maji unayoweza kuona vidole vyao. Bomba likawekwa katika miaka ya 1950. "Jana tumepita karibu nalo kwa treni," akasema, "na hawa wanahesabu ndovu."

Tulipofika kwa mama mkubwa tulikuwa tumechelewa. Nyumba yake iko upande wa chini, karibu na maji, na ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa sana na kutoka sana; saa hiyo imetoka mbali, tope la Bandari ya Kale limebaki uchi, ngalawa zimelala ubavu.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani. Mwanangu, wageni wote hawa na viatu vyao wataenea?"

Walienea. Chai ya tangawizi ilikuwa tayari, mahamri yalikuwa tayari. Mama mkubwa husomesha watoto Kurani uani kwake, kwa hiyo mikeka haikosekani. Na kwenye ua huo huo, chini ya kapi lililoota kutu, kuna kisima.

Mzee hakukaa. Alienda moja kwa moja akapitisha mkono kwenye mdomo wa kisima, mahali kamba ilipochimba mifuo kwenye jiwe. Ni mifuo ya ndani, kidole kinazama chote, na kuna sehemu moja ambapo miwili inakutana, kama wavutaji wawili walisimama kila mmoja upande wake kwa miaka. Nimeogeshwa pale kandokando ya kisima, na mifuo ile nilikuwa nikiipitishia magari ya kuchezea.

"Maji yake ni matamu?" akauliza.

"Zamani tulikunywa," mama mkubwa akasema. "Sasa ni ya kufulia na kuoshea. Lakini hayajawa chumvi. Sharti usikichoshe. Ukiteka ndoo nyingi kwa mpigo, kitakutolea chumvi, na itakubidi ukiache siku mbili tatu kipumzike."

Yule mzee akamgeukia kana kwamba ametajiwa jina la nduguye. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Mamangu. Kwani nyinyi hamuijui?"

"Sisi tulichorewa ubaoni," akasema. Akatueleza wote tuliokuwa karibu. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe lenye matundu, maji ya bahari yameingia chini kote, na maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu yake. Ukiteka taratibu, unachota ya juu. Ukiteka kwa pupa, ya chini yanapanda.

"Na bamvua likijaa," mama mkubwa akaongeza, "ndoo hufika majini upesi."

"Kinapanda na bahari?"

"Kinapanda."

"Kiasi gani?"

Mama mkubwa alicheka. "Mwanangu, mimi nafua nguo. Sipimi."

Mkoba wa turubai ulifunguliwa. Hapakuwa na dawa. Palikuwa na daftari, kalamu mbili na tepu ya chuma. Aliomba chaki, na kwa nyumba ya chuo chaki ni kitu cha kwanza. Aliipaka tepu vumbi jeupe sehemu ya mwisho yenye urefu wa mkono, akaifunga kwa kamba maana haikutosha, akaishusha mpaka fundo likagusa mdomo wa kisima. Alipoivuta, chaki ilikuwa nyeupe juu na imelowa chini, na mpaka kati ya viwili hivyo ulikuwa umenyooka kama wa rula. Akasoma, akaandika, akatazama saa. Saa nne na nusu.

"Bahari itaanza kujaa sasa," akasema. "Nitangojea."

Hapo ndipo nilipopaswa kuamua. Nilikuwa na kundi la watu waliotaka leso, na mtu mmoja aliyetaka kukaa kando ya shimo. Kiongozi wao, mamake mwenzangu, alianza kumbembeleza: baba, tumekuja kuona mji. Akamjibu kwamba anauona. Nikamwita binamu yangu, kijana mchangamfu anayejua kila duka la Biashara Street na kila mwenye duka, nikamkabidhi kundi. Sema na wenye maduka bei kwa niaba yao, nikamwambia, na pilau mle saa saba. Mimi nilibaki. Sijui kama mwelekezi wa kulipwa angethubutu. Mtu wa kujitolea ana uhuru huo.

Tulikaa. Mama mkubwa alisomesha watoto wake, mzee akasikiliza alifu kwa kijiti, mimi nikaleta chai nyingine. Mara kwa mara tepu ilipakwa chaki ikashuka. Mara ya kwanza hakuna lililobadilika, na mama mkubwa akasema tusiwe na haraka, bahari yenyewe haina haraka. Kufikia saa sita watoto walikuwa wameacha kusoma, wote wamezunguka kisima, wakigombea nani apake chaki. Mzee aliwapa zamu. Kila aliyepaka alitakiwa asome namba mwenyewe kwa sauti, na aliyekosea alirudia. Saa saba na nusu kimepanda sentimita 18. Saa tisa kasoro, 31. Mama mkubwa alitazama daftari, akachukua ile kalamu ya pili, akaandika namba hizo ukutani jikoni kwake, juu ya kopo la chumvi.

Feri tuliipata jioni, sote pamoja, kina mama wakiwa na mifuko ya leso na hadithi za binamu yangu. Meli ya makontena ilipita mbele yetu ikielekea Kilindini, wakapiga mayowe ya furaha. Yule mzee naye alipiga mayowe. Waliponiaga walinishukuru kwa kuwatafutia mwelekezi mzuri kiasi kile, yaani binamu yangu.

Baada ya siku kadhaa simu yangu ikalia. Mzee wa Nakuru. Baada ya salamu akauliza bahari ikoje. Nikamwambia sasa ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Basi, akasema, mwombe mama apime tena, asubuhi na alasiri, nami nitapiga jioni.

Nilienda Kibokoni baada ya kazi. Mama mkubwa alikuwa ameshapima, bila kuombwa na mtu.

"Ngapi?" akauliza Mzee jioni ile.

"Sentimita 9."

"Tisa tu? Tepu alipata wapi?"

"Amenunua. Na anasema ukitilia shaka, njoo upime mwenyewe, chaki ipo."