Shangazi na mzee wa mizigo

Usingizi umegoma tena kwa sababu ya shangazi. Send-off ya Neema imepita salama, baba karuhusiwa hospitali, hayo ntayaandika siku nyingine, mi bado nipo kwenye kile kikao cha mwisho nilipotoa lile faili langu la wanajeshi wa ukoo wetu.

Nikaanza na baba mkubwa, vita ya Kagera 1978, watu wakaitikia. Nikaja kwa babu, Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), Burma 1944, karatasi yake ya kuachishwa jeshi imekaa kwenye sanduku la bati la bibi mpaka mikunjo imetoboka, chini kidole gumba kwa wino wa zambarau, kila mtu akaipiga picha. Ndo nikafika kwa baba yake babu, aliyechukuliwa na Waingereza 1917, Vita Kuu ya Kwanza, kamuacha mkewe na mimba, bibi alikuwa anasema aliishia Rufiji. Shangazi hata karanga hajaacha kutafuna:

"Huyo naye mwanajeshi? Si alibeba mizigo tu, mwanangu."

Wakacheka wote. Na ni babu yake yeye!

Tangu hapo namjibu kwenye daladala, namjibu nikiosha vyombo. Shangazi, lile sanamu la Askari pale Posta, limenyoosha bunduki tangu 1927, risasi zake alibebewa na nani? Farasi na nyumbu walikuwa wanakufa kwa mbung'o, ikabaki vichwa vya watu. Na wewe fremu yako ya vitenge ipo Kariakoo, palepale wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Mwingereza, walipokuwa na kambi! Kwenye rejista za makaburi ya vita afisa Mwingereza ana jina, cheo na tarehe, wapagazi wengi hata jina hawana, na 2021 tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Haya yote kwenye kikao nilikuwa nayo, mdomo tu ndo haukufunguka.

Sasa jana usiku kanipigia. Hakuna cha shikamoo wala marahaba.

"Hivi yule mzee, mshahara wake walimpa nani?"

Nikacheka mpaka mume wangu akaamka. Mi nahangaika na jina, mwenzangu anapiga hesabu! Ila ana hoja, wengi waliofia kwenye misafara ile mishahara yao haikufika nyumbani. Shangazi keshaanza kugawa, fungu lake anaezekea banda la kuku, ameniagiza nifuatilie "hukohuko kwenye makaratasi yako".

Nitafuatilia. Ila kwanza maji, bomba kavu tangu Jumanne na fundi wa pampu kala advansi hapokei simu.